Visanduku vya Nzi wa Bi. Zeyana

Bi. Zeyana alipofariki sikumdiriki. Kwetu maiti hamsubiri mtu, nami nilikuwa mbali. Nilifika siku ya hitima, nikaingia ile nyumba ya Mji wa Kale kwa mlango wa uani kama tulivyozoea zamani, nikavua viatu, nikapenya katikati ya wanawake waliojaa ukumbini mpaka nikapata nafasi karibu na ngazi. Msichana mmoja, kitukuu chake nadhani, alimuuliza mamake kwa mnong'ono uliosikika na wote: "Eti bibi alikuwa akiuza nzi?" Mamake akamfinya paja. "Nyamaza. Bibi alikuwa mshonaji." Nilitaka kumgeukia nimwambie mtoto amesema kweli, lakini kabla sijafungua mdomo mkono ulinishika bega. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, amejitanda leso kichwani kama mtu asiyezoea kujitanda, anacheka bila sauti. Nilimtazama kitambo. "Kadzo," nikasema. Akajibana kando yangu, akaniinamia sikioni. "Umesikia? Washamfanya mshonaji."

Hatukuzungumza zaidi wakati ule, kisomo kilikuwa kimeanza. Nilikaa na juzuu mapajani, midomo ikisoma, moyo ukipanda ngazi kwenda kile chumba cha juu. Nilikuwa nimekipa kisogo miaka mingi. Kila nilipokuja Mombasa nilipita mtaa mwingine, nikijiambia nina haraka, na kwa kweli nilikuwa na haraka siku zote. Nimeishi maisha yangu kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Lakini mwaka ule, mmoja tu, katikati ya miaka ya tisini, ndio ulionifinyanga, na sijapata kumweleza mtu jinsi ulivyokuwa. Hata nikianza kueleza, watu hukwama kwenye neno la kwanza: nzi.

Hawakuwa nzi wa jalalani. Walikuwa nzi wa bandia: ndoana ndogo zilizofungwa uzi mwembamba na manyoya ya shingo ya jogoo hadi zikafanana na mdudu aliyetua juu ya maji. Kuna watu katika nchi za baridi, na wachache katika mito ya milima yetu wenyewe, wanaovua samaki kwa ndoana hizo. Samaki hudhani ni nzi, akaruka, akanaswa. Mombasa nzima haikuwa na mto wa samaki huyo. Mtu wa Mji wa Kale akitaka samaki alikwenda kumnunua. Lakini kulikuwa na mfanyabiashara wa Shimanzi, Bwana Firoz, mwenye ghala huko kwenye malori na makontena, aliyepeleka bidhaa hizo ng'ambo, na Bi. Zeyana ndiye aliyemfanyia kazi na kundi lake la wanawake. Mtaani waliiita nyumba ya nzi. Watoto walipopita chini ya dirisha walivuma kama nzi, Bi. Zeyana akawamwagia maji ya kuoshea vikombe.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikasubiri matokeo, yakaja, nikaendelea kusubiri bila kujua nasubiri nini. Niliamka asubuhi nimechoka kulala. Nilitoka nyumbani kwenda Marikiti kununua ndimu, nikajikuta nimefika feri, naangalia watu wanavuka, narudi bila ndimu. Jirani mmoja akaniombea kazi kwa Bi. Zeyana ili, kama alivyosema, nipate pa kuweka mwili. Chumba chenyewe kilikuwa ghorofani, kuta nene zenye zidaka, vile vishimo vya kuwekea vitu vinavyochimbwa ukutani, na boriti nyeusi juu. Meza ndefu ilikaa katikati, juu yake jiriwa ndogo zilizobana ndoana, na wanawake wameziinamia kama watu wanaosoma herufi zilizofutika. Feni ilining'inia, lakini haikuwashwa. Ikiwashwa, manyoya yalipaa chumba kizima na kazi ya asubuhi ikaishia kwenye nywele zetu. Kwa ajili hiyo hiyo madirisha yalifunguliwa kidogo tu. Tulikaa humo tunatoka jasho, leso shingoni, na kila mara mmoja alisema, "Yallah, joto hili," na mwingine akajibu, "Kaskazi hiyo, vumilia," na tukarudi kimya.

Sikuiweza kazi. Vidole vyangu vilikuwa na pupa. Nilivuta uzi ukakatika, nilibana unyoya ukapinda, na kabla nzi mmoja hajakwisha nilikuwa nimekwenda dirishani kuona nani anapita. Bi. Zeyana alivumilia kwa muda, kisha akaniita. "Rukia, ndoo hapa. Mwanangu, wewe Mungu amekupa miguu, hakukupa makalio. Kufunga huwezi. Utapanga visanduku." Wenzangu walicheka, nami nikacheka, lakini nilifurahi pia, maana kazi ya visanduku ilinitoa nje. Nilichukua nzi waliokwisha, nikawapanga kwa ukubwa na rangi, nikapeleka Shimanzi, nikarudi na ndoana na uzi. Nilitembea mji. Hapo ndipo nilipomjua Kadzo vizuri, kwa kuwa nzi wake ndio waliokuwa na taabu ya kupanga kuliko wote.

Kadzo alikuwa msichana wa rika langu kutoka Kaloleni, akikaa Majengo kwa shangazi yake. Alifunga nzi wadogo kabisa, wale ambao wengine wote waliwakimbia, nzi wa kukalia ukucha wa kidole kidogo na nafasi ikabaki. Alifanya kazi akiimba nyimbo za kanisani puani, na adhana ilipolia alinyamaza hadi iishe, kisha akaendelea pale pale alipoachia. Bi. Zeyana alikuwa akiwachukua nzi wake, akawaweka kwenye kiganja, akawatazama kwa kioo cha kukuzia, akasema, "Mato yangu hayaoni pa kuanzia wala pa kuishia." Hiyo ndiyo sifa kubwa aliyowahi kuitoa. Mchana tulikunjua mkeka na kuweka sinia moja: wali wa nazi, mchuzi wa papa, pilipili ya kukaanga, siku nyingine mbaazi tu. Tulikula sote pamoja, mikono ikikutana katikati, na Kadzo alinisukumia mimi ukoko kwa sababu alijua naupenda.

Kwa nzi wale wadogo Bwana Firoz alikuwa ameleta mikebe maalumu. Aliileta mwenyewe, akaifungua mbele yetu kama mtu aonyeshaye vidani vya bibi arusi. Ilikuwa ya bati, imenakshiwa, na ndani imetandikwa kitambaa kizito cha sufu ya kijani. Ndoana ilichomwa kwenye sufu ikasimama wima, unyoya haukuguswa. Nzi wakubwa waliendelea kufungwa kwenye karatasi. Wale wa Kadzo peke yao ndio walioingia kwenye mikebe ya sufu, na juu ya kila mkebe nilibandika kikaratasi chenye jina lake, kama tulivyobandika majina ya wafungaji wote. Nililipenda lile jambo. Nilimwambia, "Jina lako laenda Ulaya." Akasema, "Litanitumia picha?"

Mzigo ulirudi wakati mvua za masika zimeshika. Bwana Firoz alipanda ngazi bila kupiga hodi, shati limelowa mgongoni, akaweka mikebe mezani akaifungua mmoja baada ya mwingine. Manyoya yalikuwa mazima, mazuri kama siku yalipotoka. Lakini ndoana zote zilikuwa zimeshika kutu, nyekundu kama wembe uliosahauliwa bafuni. Akachukua moja, akaivuta kidogo, ikakatika. "Hawa wakubwa wamefika wazima," akasema. "Wa wafungaji wengine wote wazima. Hawa tu, na wote wana jina moja." Hakuinua sauti. Alisema mnunuzi akipokea tena mzigo kama ule atatafuta watu wengine, na yeye hataweza kumlaumu. Akashuka. Tulimsikia akiuliza mtu mtaani ni wapi alipoiegesha gari yake, kana kwamba hata hilo lilikuwa kosa letu.

Jioni ile nilikuwa ngazini nafunga kamba ya viatu nikasikia maneno ya juu. Bi. Salma, aliyekuwa mkongwe wa kazi baada ya Bi. Zeyana, alikuwa akisema taratibu, kwa ile sauti ya mtu anayetoa nasaha. "Kuna watu wana mkono wa chumvi, dada. Wakishika kisu leo, kesho kina kutu. Si kosa lake, ndivyo alivyoumbwa. Lakini ukimweka, utatufungia riziki sote." Bi. Zeyana akamjibu, "Usiniletee maneno hayo." Nikapumua. Lakini hakusema zaidi, na kimya kile kilidumu, nikajua kwamba lile neno limepata pa kukaa. Siku ya pili yake Bi. Salma alipopakua chakula alimtilia Kadzo kwenye sahani ya peke yake. Kadzo aliitazama sahani, akatutazama, akaishika kwa mikono miwili akaenda nayo dirishani. Niliutoa mkono wangu kwenye sinia nikamfuata, nikala naye. Kabla ya alasiri Bi. Zeyana akamwita pembeni. Nilisikia neno moja tu: "Upumzike." Kadzo alikunja leso yake, akaondoa nyuzi zilizomganda kwenye gauni, akashuka. Hakulia. Hatua zake ngazini zilikuwa za mtu anayeshuka kwenda dukani.

Nilipandwa na kitu ambacho sikukijua jina. Nilikuwa na kiherehere siku zote, lakini cha bure, cha miguu. Sasa kilikuwa na pa kwenda. Nilimwendea Bi. Zeyana nikamwambia niachie nitafute visanduku vingine. Akanitazama kwa uchovu. "Visanduku vina nini? Ni vizuri, vimetoka mbali." Nikasema sijui vina nini, lakini Kadzo mikono yake naijua, nimekula naye. Akageuza uso. "Tafuta," akasema. "Angalau utatembea."

Nikatembea. Nilikwenda Biashara Street kwa wauza kanga nikaomba maboksi ya vifungo. Yalikuwa ya karatasi, na karatasi katika masika ya Mombasa hulegea kama mkate uliotiwa chai. Nilinunua vidau vya wanja vya shaba, vizuri sana, lakini shingo zake nyembamba. Nzi aliingia, kutoka akakataa. Sonara mmoja alinipa kisanduku cha pete chenye pamba ndani. Ndoana zilishika pamba, na kila nzi niliyemvuta alitoka na ndevu nyeupe. Studio ya picha walinipa vikopo vya filamu, vikavu, vyenye mfuniko wa kubana, nikadhani nimefika. Lakini wote walirundikana chini, na ukitaka mmoja yakubidi uwamwage wote kiganjani uwatenganishe kama mchele wa kuchambua. Visanduku vya plastiki vya duka la dawa, vyenye vyumba vya vidonge, vilikuwa na kichaa chake: ukivisugua na nguo, nzi waliruka wakaganda kwenye mfuniko, na ukifungua wanakurukia usoni. Nilipotandika sponji ndani, manyoya ya wale wadogo yalizama yakapondeka, maana ndoana ni fupi mno. Nilirudi kila alasiri na mfuko wa takataka zangu, Bi. Salma akauliza, "Leo umeokota nini?" Usiku sikulala vizuri, na mchana sikukaa. Mtu akiniuliza habari nilimjibu kwa vipimo vya visanduku.

Bi. Zeyana mwenyewe ndiye aliyenitajia Mgoa mmoja wa Kizingo. Alikuwa daktari wa meno mstaafu, ambaye miaka ya nyuma alinunua nzi kwake kila alipokwenda milimani kuvua. Nikaenda. Kizingo kulikuwa kimya, miti imefunga barabara, magari yanapita vioo vimefungwa, nami peke yangu nikitembea kwa miguu kando ya nyua nikibwekewa na mbwa. Daktari alikuwa mzee mrefu, mwenye suruali iliyovutwa juu sana. Alipoona nzi wa Kadzo alisahau kunikaribisha. Aliwapeleka kwenye mwanga, akawageuza kwa koleo lake la meno. Halafu akauliza walikuwa wakiwekwa wapi, nikamwonyesha mkebe. Akaupapasa ule utandiko wa kijani kwa kidole, akaguna.

"Mama, hii kitu nilikuwa nayo mimi pia," akasema. "Nzuri kwa macho. Lakini sufu inakunywa maji ya hewa, inayaweka, haiyatoi. Kule kwenye baridi kavu ni sawa. Hapa Mombasa? Nilipoteza nzi wangu wote, na mikono ilikuwa yangu mwenyewe."

Nilimuuliza basi yeye aliweka kwenye nini, akanyoosha mikono: alikuwa amejaribu kila kitu, wadogo walimshinda, mwishowe aliacha kuvua nao. Tulikuwa tumekaa jikoni wakati ule, kwa sababu mkewe alisema sebuleni kuna wageni wa sala. Alinikatia keki ya nazi na kunitilia maji ya ndimu, akaomba radhi kwa fujo: fundi alikuwa amekuja kubadilisha mpira wa mlango wa friji, na ule wa zamani ulikuwa umelala juu ya meza, mweupe uliopasuka, kama nyoka. Niliinua karatasi yenye nzi ili nipishe sahani. Mmoja aliteleza. Niliinama kumtafuta sakafuni, nikapapasa, sikumpata. Mke wa daktari ndiye aliyesema, "Si huyu?" Alikuwa amesimama juu ya mpira wa friji. Amesimama wima kabisa, tumbo la ndoana limeshika, manyoya yote yako hewani. Nilimgusa akasogea, nikamwachia akashika tena. Ndani ya mpira ule kuna utepe wa sumaku, ndio unaoufunga mlango. Daktari alikuja akachutama mbele ya meza, mzee yule, uso wake sawasawa na nzi. "Mama Maria," akasema polepole, na mkewe akamkemea kwa kulitaja jina hilo bure.

Nilipewa mpira wote. Nilirudi Mji wa Kale nimeuvaa begani kama mkoba, sikujali wanaonitazama. Lakini sikutaka kuonyesha kisanduku tu. Kisanduku kingeokoa kazi; Kadzo angebaki na mkono wa chumvi. Kwa hiyo nilichukua pakiti mpya ya zile ndoana ndogo, ambayo haijafunguliwa, nikaikata pembe na kuzimimina moja kwa moja bila kuzigusa: nyingine kwenye mkebe wa sufu, nyingine kwenye kikopo cha filamu, nyingine kwenye kisanduku cha plastiki cha vidonge ambacho nilikuwa nimekitandika utepe wa sumaku ndani. Nikaviweka katika kidaka cha upande wa bahari, ambako ukuta hutoka jasho, nikaviacha. Mvua iliendelea. Kuacha kitu bila kukifungua, kwa mtu kama mimi, ilikuwa adhabu. Nilikipitia kile kidaka kila saa, nikarudisha mkono nyuma.

Siku nilipofungua nilimwita Bi. Zeyana mbele ya wote. Ndoana za kwenye sufu zilikuwa nyekundu. Za kwenye kikopo zilikuwa safi. Za kwenye utepe wa friji zilisimama zinang'aa, moja moja, kama zimepangwa kwa swala. Bi. Zeyana akachukua mkebe akaenda nao dirishani, akarudi.

"Hizi nani alozishika?"

"Hakuna, Bi. Zeyana."

"Hakuna, vipi?"

"Hakuna mtu. Nimezimimina kutoka pakiti yake. Wala Kadzo hayuko nyumba hii tangu lini."

Bi. Salma akasema, "Labda pakiti yenyewe ilikuwa mbovu."

"Pakiti ni moja, Salma," Bi. Zeyana akasema, "na hizo nyingine zaniangalia kama lulu. Nyamaza." Akauweka mkebe mezani, akakaa, akaufunika kwa kiganja kama anayeficha kitu kisicho na heshima. Alikaa vile hadi jiriwa zikaanza kusikika tena moja moja. Kisha akasimama na kusema anakwenda jikoni.

Alipika mwenyewe. Wali wa nazi, na kuku wa kupaka, na kachumbari. Alipakua kwenye bakuli kubwa la udongo, akalifunga leso, akavaa buibui, akaniambia, "Nipeleke Majengo." Nilimwambia twende na teksi. Akakataa. Bi. Zeyana alikuwa hajapita Biashara Street kwa miaka, na watu walimsimamisha njiani kumuuliza kwema, akawajibu kwema, alhamdulillahi, bila kupunguza mwendo. Bakuli tulipokezana njiani.

Shangazi yake Kadzo alikuwa ukumbini akikaanga viazi vya kuuza. Alipomwona mtu mzima amesimama mlangoni alifuta mikono, akatoa kiti, akamwita Kadzo kwa sauti ya hofu. Kadzo akatoka uani, nguo zimelowa povu la sabuni. Akasalimia kwa adabu. Bi. Zeyana hakukaa kwenye kiti.

"Sikuja kukalia kiti, mwanangu. Nimekuja kukutaka radhi. Ndoana ziliingia kutu kwa kisanduku, si kwa mkono wako. Huyu Rukia amenionyesha. Lakini hata bila ya kuonyeshwa, nami nilikuwa sikuamini yale maneno. Nilimwogopa mnunuzi. Nikakutoa wewe. Nimekudhulumu."

Mafuta ya viazi yalikuwa yakichemka. Kadzo alitazama chini, kisha akapiga magoti akafungua leso ya bakuli, akaenda kuchukua maji, akatunawisha mmoja mmoja, akaanza na Bi. Zeyana. Tulikaa chini sote, Bi. Zeyana na buibui lake kwenye sakafu ya saruji, na tukala kwenye bakuli lile moja, sisi wanne. Bi. Zeyana alimvunjia nyama akaiweka upande wake. Tulipomaliza, Kadzo akasema, "Radhi nimekupa, Bi. Zeyana, na Mungu shahidi. Lakini sirudi."

"Kadzo!" shangazi akashtuka. "Mtu mzima amekuja na miguu yake!"

"Mwache," Bi. Zeyana akasema. "Amenijibu. Nilichotaka nimepata."

Miaka yote niliichukulia ile kuwa ni kiburi cha ujana, na wakati mwingine nilimkasirikia Kadzo kwa niaba ya mvua zote nilizotembea. Sasa, siku ya hitima, kisomo kilipokwisha na wanawake wakaanza kutandika mikeka ya chakula, nilimuuliza. Hakufikiri hata kidogo. Nadhani jibu lilikuwa tayari siku nyingi. "Ningerudi, Rukia, kila siku ningekuwa nakaa pale nangoja nani atanitazama mikono. Kikivunjika kikombe, ningetetemeka kabla sijaulizwa. Yule mama alinipa heshima yangu mlangoni kwa shangazi. Nikaona niibebe niende nayo, nisiirudishe mahali ilipopotea." Aliniambia alijifunza ufundi wa saa kwa mzee mmoja, na baadaye akafungua meza yake Kongowea, na wanaume walikuwa wakimletea saa huku wakimuuliza fundi yuko wapi. Halafu akaniambia jambo ambalo sikulijua. Kila Idi, hadi Idi ya mwisho ya uhai wake, Bi. Zeyana alimpelekea sahani. Alipokuwa hawezi tena kutembea alimtuma mtu, na siku hiyo hiyo akampigia simu kuuliza kama chumvi imekolea.

Bwana Firoz alivikubali visanduku vyangu. Mafundi wa friji wa Mwembe Tayari walinizoea. Waliniwekea mipira mikuukuu, nami nikaichana nitoe utepe, nikaukata, nikautandika, nikatia na kipande cha kafuri pembeni kwa ajili ya wadudu wanaokula manyoya. Mizigo ilikwenda, haikurudi. Nzi wadogo wakafungwa na Bi. Zeyana mwenyewe, taratibu, kioo cha kukuzia kimebanwa kwenye jicho, na hawakuwa wazuri kama wa Kadzo, naye alilijua hilo na hakulisema. Bi. Salma alibaki. Tulikula sinia moja. Lakini mimi nilikuwa nimeshaonja ile hali ya kuweka vitu vitatu kidakani na kungoja ukweli ujitokeze wenyewe, na baada ya hapo kupanga tu hakukunitosha. Mwaka ulipokuwa ukiisha nilisikia kwamba ghala moja la majani ya chai huko Shimanzi lataka mtu wa chumba cha kupima unyevu. Nilikwenda, nikaulizwa kama nimepata kupima kitu chochote. Nikawaeleza habari za ndoana. Walitazamana, wakacheka, wakanichukua.

Nilikwenda kumwambia Bi. Zeyana asubuhi, kabla ya wengine kufika. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, nikataka niyaseme haraka niondoke, kabla hajanikasirikia au, vibaya zaidi, kabla hajalia. Nilimkuta anafuta jiriwa kwa kitambaa, moja moja. Nikasimama mlangoni, mkono mmoja kwenye kizingiti, mguu mmoja tayari ngazini, nikamwambia yote kwa pumzi moja: chai, Shimanzi, kuanzia Jumatatu, nashukuru kwa kila kitu, niwie radhi.

Hakuinua uso mpaka alipomaliza jiriwa aliyokuwa ameishika. Kisha akaniangalia juu hadi chini, viatu nilivyokuwa sijavua, mkoba begani. Akavuta mkeka kwa mguu wake akaunyoosha, akachukua buli la kahawa akatia vikombe viwili.

"Vua viatu, mwanangu. Mtu haagi amesimama."

Nikavua, nikakaa.